Upepo wa Upande wa Abiria

Barafu, fundi wa viyoyozi vya magari, alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja wenye haraka. Hakuwa akijaza gesi kwenye kiyoyozi cha gari mpaka mshale wa geji usimame tuli nusu saa nzima. Alikuwa akifunga mipira yake, anaiacha pampu ivute hewa yote iliyomo kwenye mabomba, anaizima, kisha anaketi juu ya tairi kuukuu na kuutazama ule mshale kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasije yakafurika.

Siku hiyo Mwalimu aliketi kando yake, kwenye benchi ambalo Barafu alikuwa amelisogeza kivulini bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa mstaafu, aliyefiwa na mkewe miezi mitano iliyopita. Shati lake alilipiga pasi mwenyewe sasa, na kola ilionyesha hivyo.

"Ukishamaliza kuutazama huo mshale utauoa, au?" alipaza sauti mchomeleaji wa banda la jirani.

"Wewe choma mageti yako," Barafu akamjibu. "Mshale haunidanganyi kama wewe."

Mwalimu alicheka kwa adabu tu. Mawazo yake yalikuwa kwenye safari ya kesho. Alfajiri alipaswa kumchukua shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ampeleke hospitali, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Maradhi yaliyomwondoa dada mtu yalikuwa yamebisha hodi kwa mdogo mtu. Kila Jumatano ni sindano, na baada ya sindano ni homa. Mwalimu aliijua barabara ile, na homa ile pia.

Ndiyo maana gari lilikuwa hapa. Wiki iliyopita Barafu alibadilisha bomba lililochakaa. Leo ilikuwa imebaki kuvuta hewa na kujaza gesi, basi.

Mshale ukasogea. Ulisogea kidogo sana, Mwalimu hata hakuuona, lakini Barafu alisimama.

"Bado kuna mahali panavuja, Mwalimu."

"Jaza hivyo hivyo, fundi wangu. Nina shida nalo kesho tu."

"Nikijaza hivi litakupeleka. Kukurudisha na baridi, siahidi."

Homa huwa ni wakati wa kurudi.

"Basi tafuta," Mwalimu akasema.

Barafu alikuwa ameinama kwenye boneti simu ilipolia. Ni shemeji.

"Shemeji, nasikia unahangaika na gari kwa ajili yangu. Usijisumbue bwana. Nitafungua dirisha, yatosha."

Mwalimu alisema "sawa, sawa," akakata simu haraka. Dada mtu naye alikuwa amesema hivyo hivyo.

Kwa miaka yote ya ndoa yao, mkewe alikuwa adui wa kiyoyozi. Yeye alikuwa mwepesi wa kusikia joto, mkewe mwepesi wa kusikia baridi. "Baba watoto, unataka kunigandisha kama samaki?" angesema kila akiingia garini, na hapo hapo angefunga tundu la upepo la upande wake. Kifungio kilipovunjika, alikunja kitambaa chake cha mkononi akakisokomeza ndani. Mambo yakaisha. Kwa hiyo kiyoyozi kilipokufa, Mwalimu hakuona sababu ya kuhangaika. Mama watoto ndiye aliyeshinda, alitania, na mama watoto alifurahi kweli.

Kisha akaugua. Siku moja wakirudi hospitali, mwili unawaka, yeye aliyekuwa hataki hata feni aligeuza kichwa kwenye kiti akasema, "Baba watoto, washa ile kitu yako."

"Si ilikufa, mama? Wiki ijayo nitaitengeneza."

"Basi nifungulie dirisha. Yatosha."

Upepo ulioingia ulikuwa wa moto, umejaa vumbi. Wiki ijayo ilikuja ikapita, na nyingine, maana kulikuwa na dawa, na vipimo, na uchovu. Jumatano tisa alimpeleka na kumrudisha. Ya kumi haikufika.

Tangu hapo Mwalimu alikuwa akijiambia kwamba ile ilikuwa kazi kubwa. Mafundi wangelifungua gari lote, wangekaa nalo mwezi mzima, na mgonjwa angesafiri na nini? Hayo ndiyo yaliyompa usingizi, ule kidogo aliokuwa akiupata.

"Nimemkamata!" Barafu alisema. Alikuwa ameingiza naitrojeni kwenye mabomba na kupaka povu la sabuni kila kiungo, na nyuma ya kompresa povu lilikuwa linavimba taratibu. Alifungua, akachokoa, akaja na oringi moja ya mpira na kuiweka kiganjani mwa Mwalimu. Ilikuwa ndogo kama pete ya mtoto mchanga, imekauka, na upande mmoja ina ufa.

"Huyu ndiye mwizi mwenyewe. Lile bomba lilichakaa, ni kweli, lakini gesi ilikuwa inatokea hapa tangu mwanzo."

"Na kazi yake ni ya muda gani?"

"Hii? Asubuhi moja. Ungekuja mapema, adhuhuri umeshaondoka." Barafu akacheka. "Yaani Mwalimu umekaa na joto mwaka mzima kwa ajili ya kiraba hiki!"

Kisha akauona uso wa mzee, na kicheko kikamkauka.

"Sikukaa peke yangu kwenye hilo joto, fundi," Mwalimu alisema.

Barafu alielewa. Alimjua mama yule. Alikuwa haondoki hapa bila kuuliza hali ya watoto wa fundi. Barafu hakusema kwamba ni mipango ya Mungu, wala kwamba hata baridi isingebadilisha kitu. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaleta maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe, akasimama mbele ya benchi, mgongo kwa mchomeleaji, mpaka Mwalimu alipomaliza kunywa na kujifuta macho.

Halafu aliipaka oringi mpya mafuta kwa ncha ya kidole, akaitia, akarudisha pampu. Wakakaa wote wawili kuutazama mshale. Mchomeleaji alizima mashine yake. Nusu saa ikapita. Mshale haukutikisika.

Barafu aliweka mtungi juu ya mizani, akajaza gramu mia tano na hamsini, bila kuzidisha wala kupunguza. Injini ikawaka. Kipimajoto alichokichomeka kwenye tundu la katikati kilishuka: thelathini na moja, kumi na tisa, saba.

"Nataka matundu yote yapulize," alisema, akafungua mlango wa abiria. "Hili lina kitu ndani." Akachukua koleo.

"Ngoja," Mwalimu alisema.

Barafu alitazama kile kitambaa, kisha akamtazama Mwalimu. "Naweza kukiacha, mzee wangu. Ila wa kiti hiki hatapata baridi."

Mwalimu alikivuta mwenyewe, kwa vidole viwili. Pembeni kilikuwa kimeshika vumbi, ila katikati maua yake ya buluu yalikuwa bado mabichi, na mikunjo ilikuwa ile aliyoikunja mkewe. Upepo ukatoka, ukapuliza kwenye kiti kitupu.

Mwalimu aliingia akakaa. Hakuwahi kuketi upande huo wa gari lake. Baridi ilimpiga usoni, ikashuka shingoni, akaiacha impige. Barafu alilishusha boneti kwa mikono miwili, polepole, lisigonge.

Baadaye Mwalimu alipiga simu.

"Shemeji, kesho uje na sweta."

"Sweta! Na joto hili?"

"Uje nalo. Gari lina baridi."

Yule mgonjwa akacheka, kicheko cha nyumbani kwao. "Unataka kunigandisha kama samaki?"

Mwalimu alikishika kitambaa kwa nguvu.

"Ukitaka nizime, useme. Ukitaka niwashe, useme," akamwambia. "Nitafanya saa ile ile."

Akakata simu. Alikikunja kitambaa kwa kufuata ile ile mikunjo, akakitia mfuko wa shati, akabaki kwenye kile kiti. Barafu hakumwambia azime injini.