Mhola Duhu

Sisi Wasukuma tuna ugonjwa mmoja, na mimi Felisita nimeuugua kuliko wote hapa Nkololo. Ukiulizwa "Mhola?", yaani hali ni shwari, unajibu "Mhola duhu," shwari tu, hata kama paa linaungua.

Mume wangu Ndaki alikuwa amelazwa Bariadi, mguu umevunjika, na daktari amesema lazima uwekwe chuma. Chuma hakiwekwi kwa maneno matamu. Nilikuwa na maksai wawili tu wa kuvuta plau, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Nikiwauza, shamba limekwisha. Nisipowauza, mguu unaoza. Nikamwita Salu, mchuuzi wa ng'ombe, aje Jumamosi jioni, jumuiya yetu ya kanisa ikiwa imeshasali kwangu asubuhi na kuondoka. Sikutaka mtu aone.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Mzee Marcelo, alipoingia asubuhi hiyo akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu Felisita, mhola?"

"Mhola duhu."

Tukaimba, tukasoma Injili. Wakati wa maombi kila mmoja alitaja shida yake. Mmoja aliombea mtihani wa mwanawe, mwingine kuku wake walioanza kufa kwa kideri. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Namshukuru Mungu kwa yote." Uongo mtupu, tena mbele ya msalaba.

Basi Salu, mtu asiyejua saa, akatokea na kamba begani. Akapiga hodi kwa sauti ya mnadani. "Mayu, nimekuja kuchukua wale maksai!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Maksai wa kulimia?" Mzee Marcelo akaniuliza. "Si umesema mhola?"

"Mhola ya nini!" nikafoka, kisha nikaangua kilio. Nikawaambia yote. Walijua Ndaki amelazwa, ila mimi nilikuwa nimewaambia ni mguu kidogo tu.

Nilidhani sasa Mungu atafanya jambo, maana nimesema kweli. Wapi! Mwaka huu pamba imetukomesha sote, hakuna mwenye hela. Mzee Marcelo alipekua mifuko ya koti lake mbele za watu, ikatoka rozari tu. Salu akafungua zizi. Maksai wangu wakamfuata bila ubishi, wakidhani wanakwenda kulima.

Tukapiga magoti tena. Sikuwa na sala nyingine zaidi ya "Bwana, siwezi." Nancy, mjane ambaye nimezoea kumcheka kwa kashamba kake kadogo, akanishika bega. "Jumatatu nakuja na jembe langu," akasema.

Kiburi kilinipanda hadi kooni. Nikakimeza. "Njoo," nikamwambia.

Jumatatu nilimtangulia shambani. Niliziangalia zile ekari zote. Nikamwambia Mungu waziwazi: sina ng'ombe, mume wangu hana mguu wa kusimamia, msimu haumsubiri mtu, na wewe unaona. Mikono yangu ilikuwa imelishika jembe, na sijui nani aliinyanyua. Nikapiga. Udongo ukafunguka kidogo tu, upana wa sahani. Nikapiga tena.