Sahihi ya Mkono wa Kushoto

"Usinisingizie, jirani! Sahihi ni yako mwenyewe!"

"Niliweka lini sahihi mambo ya figo zangu yatembezwe?"

Ua mzima uliacha kufua. Mimi niliyezoea kujua ugomvi wa kila chumba kabla haujatoka mlangoni, siku hiyo nikawa habari yenyewe. Miaka sita imepita, bado nayasikia yale mapovu yakipasuka kwenye mabeseni.

Asubuhi hiyo mwanamume nisiyemjua alikuwa amenipigia simu. Mtafiti, alisema. Akanitajia uzito wangu, maji ninayotolewa kwenye mashine ya kusafisha damu, hata mwaka mama yangu alipokufa kwa figo. Akaomba damu zaidi. Nilikata simu, nikamvaa jirani wa chumba cha pili, karani wa mafaili kliniki ya figo. Nani mwingine angemwaga siri zangu?

"Kesho njoo uone kwa macho yako," alisema, akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Heri angebamiza.

Kesho yake alinifungulia faili. Fomu ya ridhaa, kurasa nne, na chini kabisa jina langu, limeandikwa kama kuku aliyekanyaga wino. Mimi ni fundi cherehani. Mkono wangu haujawahi kuyumba hata kwenye shela la bibi harusi. Nililitazama mpaka siku yenyewe ikanirudia: mishipa ya kushoto ilikuwa imeshagoma, sindano zilikuwa mkono wa kulia, damu inazunguka mashineni, kichwa kinaelea. Mtu akanishikisha kalamu kushoto. "Mama, weka hapa tu." Nikaweka.

Karani alinipeleka kwa mtafiti, akitangulia hatua tano njia nzima.

"Usihofu, mama," yule kijana alisema. "Majina tunayaondoa."

"Kama langu uliliondoa, ulinipigiaje simu?"

Akaifunika simu yake kwa kiganja.

"Utafiti sikatai," nikamwambia. "Ugonjwa huu umemchukua mama, na binti yangu miguu imeanza kuvimba. Tafuteni dawa, hata kwenye damu yangu. Ila niambieni nikiwa nimekaa, mkono uko huru: nani anasoma, anasoma nini, na nikikataa, kitanda changu cha mashine kitabaki?"

Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Nikawa nauliza mara tatu kwa wiki, kabla ya sindano. Manesi wakanibatiza Bibi Nani-Anasoma. Nilicheka nao, nikauliza tena. Wagonjwa wenzangu nao wakalidaka, mpaka swali likawa la benchi zima la kusubiria.

Mwezi wa tano tangu ugomvi ule, karatasi ilibandikwa juu ya benchi lile: kila utafiti, kinachochukuliwa, wanaokiona, na kwa herufi kubwa, kwamba anayekataa hanyimwi matibabu. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeletewa fomu akiwa mashineni. Yangu nilisomewa yote, nikatia sahihi upya, kwa mkono wa kulia.

Lakini mwandiko wa karatasi ile niliujua. Ulikuwa wa mtu wa chumba cha pili, ambaye miezi mitano hatukusalimiana.

Jioni nilisimama uani, mbele ya watu wale wale, nikasema kwa sauti ile ile kwamba nilimsingizia jirani yangu. Yeye alikuwa anaanua nguo. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Umepika nini?" hatimaye aliuliza.

"Wali na kabichi. Chumvi hamna, faili langu umelisoma." Nikamsogezea pazia la mlangoni. "Haya ingia, tule."