Upande wa Pili wa Santuri

Makame alipofungua kifuniko cha gramafoni yake, aliitazama kwanza santuri, akamtazama mgonjwa, kisha akamwita Verediana jikoni.

"Shemeji, santuri hii si ya mashine kama yangu. Mistari yake ni myembamba kama unywele, na sindano yangu ni msumari. Itaimba mara moja tu. Ukirudia, utasikia mikwaruzo."

"Na yule jamaa yako wa Mbeya mwenye mashine ya umeme?"

"Atakuja Iringa mwezi ujao, barabara ikikauka."

Verediana alichungulia chumbani. Mumewe, Liberatus, alikuwa ameegemezwa kwenye gunia la pumba, shingo imebaki mishipa mitupu. Hospitali walikwisha mrudisha nyumbani na kifua chake. Mwezi ujao lilikuwa neno la watu wenye mapafu.

"Basi iimbe," akasema.

Santuri ile Liberatus alipewa na mzungu ambaye yeye alikuwa mpishi wake huko Mbeya, siku mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa jazi ya watu watatu: mpiga piano, mpiga gitaa kubwa la kusimama, na mpiga ngoma kwa vifagio. Walirekodiwa kilabuni, watu wakila na kunywa, kwa hiyo vicheko na milio ya glasi vilimo humohumo. Liberatus aliisikia kupitia dirisha la jikoni akiosha vyombo, na kila likizo alimsimulia mkewe jambo lilelile: kuna mahali piano inashuka, na watu wananyamaza mmoja mmoja. "Hakuna aliyewaambia wanyamaze, Mama Lea. Utasikia mwenyewe."

Makame akazungusha hendeli. Muziki ukatoka mbio kama kuku wanaofukuzwa.

"Kasi mno," akasema. "Bana ukingo wa santuri kwa kidole. Mimi mkono wangu mzito."

Verediana akaweka kidole kilichozoea kubana milulu, nyasi za kusukia vikapu.

"Punguza," Liberatus akasema. "Punguza tena. Hapo."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo, lakini ilikuwapo. Gitaa kubwa lilitembea kama mtu mnene nyumbani kwake. Vifagio vikafagia. Mwanamke akacheka, mwanamume akamjibu.

"Hawana adabu hawa," Verediana akasema. "Wanapigiwa kinanda, wao wanapiga soga."

"Ngoja." Liberatus akakohoa kitambaani.

Piano ikashuka. Soga moja ikakatika, na nyingine. Mtu akatua glasi polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Zikabaki sauti za piano zilizoachana, na katikati yake pumzi za watu wengi wanaongoja. Verediana naye akajikuta anangoja. Na Liberatus hakukohoa. Hakukohoa hata mara moja, mpaka makofi yalipopigwa.

Kwenye ncha ya sindano palikuwa na vumbi jeusi la santuri, kama ugoro.

"Geuza," Liberatus akasema.

"Kesho."

"Mama Lea."

"Kesho, Baba Lea. Umechoka." Akaikumbatia santuri kifuani. Alikwisha ona wagonjwa wakimngoja mtoto aliye safarini, wakakuta asubuhi wasiyotegemewa kuiona. Mwenye kitu cha kungoja haondoki hivihivi.

"Shemeji, mpe," Makame akanong'ona.

"Mashine ni yako, shemeji. Mume ni wangu."

Liberatus akanyoosha mkono juu ya blanketi, kiganja wazi.

"Upande huo sijawahi kuusikia wote. Kila ukianza, kengele ya mezani inaita, napeleka kahawa." Akapumzika. "Ukiuficha nitaukosa. Na wewe utaukosa, maana peke yako hutausikiliza. Nakujua."

Verediana akaifuta santuri kwa upindo wa kanga, akaigeuza, akaiweka.

"Zungusha mpaka mwisho," akamwambia Makame, "isije ikaishiwa nguvu katikati."

Sindano ikashuka. Liberatus akafumba macho. Verediana akabana ukingo, akabana kuliko ilivyotakiwa, hata piano ikawa nzito kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na mumewe hakumwambia aongeze kasi.