Kishada cha Atomi Saba

Chumba cha hadubini hakitaki mdomo, na mimi Mungu aliniumba mdomo kwanza, mengine baadaye. Miaka tisa nimekuwa fundi wa mashine ile. Sindano yake hupapasa uso wa platinamu bila kuugusa, na kwenye skrini unaona atomi moja moja, kama punje kwenye sinia. Hatua ya mtu tu, picha inaruka. Kwa hiyo sheria ni moja: aliyepita ukumbini aseme, na picha ya dakika hiyo inafutwa.

Daktari, mkuu wetu, alitafuta kitu kimoja: kishada cha atomi saba kikibadilika umbo. Nami nilikisubiri miaka yote hiyo, sijakiona.

Akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe kwa mdomo huuhuu. Mwezi wa pili tu, Daktari akampa kiti changu.

"Huyu anatulia," akasema.

Nikacheka kicheko cha meno.

Jumanne saa nne asubuhi nilisimama nje ya mlango, sikio kwenye ubao, nijue huyo malkia wa kimya ana lipi. Ghafla akapiga kelele: "Kimegeuka!"

Daktari akaja mbio. Nikaingia naye kama ndiyo kwanza nafika.

"Wewe, kuna wakati umepita hapo nje?" akaniuliza.

"Nimepita." Uongo ulitoka wenyewe, hata haukubisha hodi.

Wifi akanitazama. "Basi ni mtikisiko. Nifute?"

"Futa," Daktari akasema.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe. Nikachungulia. Mtikisiko ungezirusha zote! Lakini atomi sita zilikuwa palepale. Moja tu ilikuwa imewaacha wenzake, ikazunguka ukingo, ikajibana upande wa pili. Kilichokuwa duara kama ua, sasa kirefu kama jani. Ni kama sebuleni shangazi akihama kiti: watu walewale, kikao kingine.

"Usifute! Sikupita. Nilikuwa mlangoni, nimesimama kama nguzo, natega umbea."

"Umbea gani?" Daktari akashangaa. "Humu hakuna anayeongea!"

"Ndiyo maana nilitulia sana."

Daktari akaamuru picha ihifadhiwe, kwa jina la wifi.

"Kumbe wifi unaweza kunyamaza," wifi yangu akacheka, akanipisha nusu ya kiti.

Nikakaa. Ila nilikaa kwa nguvu, nimsukume kidogo.