Chanjo ya Paja

Sindano siiogopi. Nimezaa watatu na kuzika wawili, sindano itanifanya nini? Nilichokiogopa mwaka ule wa sitini na moja, hapa Lubumbashi, wakati ule bado Elisabethville, ni kovu.

Sisi watu wa Kasai, tuliosakwa tangu Katanga ijitenge, tulikuwa tumekimbilia kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa, kwa maelfu, tukajenga vibanda vya maboksi na mabati. Hatua mia mbili nje ya waya wa kambi, askari wa Katanga waliweka barieri, kizuizi cha barabarani. Ukitoka ukajulikana kuwa Muluba wa Kasai, basi tena. Wengine walipita kwa kudanganya kabila, mpaka askari nao wakajifunza ujanja. "Onesha mukono!" Ukiwa na kigaga kibichi cha chanjo, wameshajua umelala wapi, maana mjini hakuna aliyekuwa anachanja siku zile. Jirani yangu Nkandu walimshika kwa kigaga chake siku ya Jumatatu. Hatukumwona tena.

Na ndui ilikuwa imefika safu ya tatu ya vibanda. Sisi tulikaa safu ya tano.

Mume wangu Clovis alikuwa ameshavuka kwenda Rodezia. Akanitumia neno: mpe mtoto Mama Kalaba amlete. Kalaba ni Mbemba, kabila ambalo askari hawakulisaka, aliuza samaki wakavu wa Kilwa ya ziwani kule kwetu Katanga na kupita barieri kila Jumamosi, beseni kichwani, akitaniana na askari. Claudine wangu wa miaka minne alisema Kiswahili tu, angepita kama mjukuu wake. Mimi ulimi wangu wa Kasai ungenifichua mara moja. Nikajiambia, haya Ngalula, chagua: umchanje mtoto ashikwe, au usimchanje, ndui imkute njiani. Siku ya nne nikampeleka kwa mchanjaji.

Alikuwa Mhindi, daktari wa jeshi la ONU, tulimwita Kilemba kwa kile alichofunga kichwani. Nami nilikuwa na hasira naye kabla hajamgusa mtoto. Tangu utoto wangu, musaada ulikuwa na uso wa Mzungu. Sasa wa kutulinda ni askari Wahabeshi, wa kututibu Mhindi! Nikamgeukia Donat, muuguzi mzee wa kaskazini aliyemtafsiria.

"Papa Donat, umuambie: kwabo bantu si banakufa na njaa? Beye benyewe banasaidiwa, batanisaidia miye namna gani?"

Donat aliona haya, lakini alitafsiri. Kilemba hakukasirika. Alijigusa shavu, na hapo ndipo nikaona lilivyojaa vishimo vidogovidogo.

"Anasema kwabo ndui iko kila mwaka," Donat akasema. "Ilimukamata akiwa mutoto, ikaua dada yake. Anasema bengine balisoma ndui mu kitabu. Yeye anaijua mu nyumba yabo."

Nikamweleza habari ya barieri. Akafikiri kidogo, akainua gauni la Claudine na kumchanja juu kabisa ya paja, mahali ambapo askari hatafuti.

Kilemba alijua maneno matatu tu ya Kiswahili: onesha, muzuri, sukari. Kila asubuhi alipita vibandani kuangalia kama chanjo imeshika. "Onesha!" Mtoto anafunua kigaga. "Muzuri!" Kisha kipande cha sukari kiganjani. Watoto wakampenda kufa. Claudine alikuwa anainua gauni kabla hata neno halijaisha, na miye, mjinga miye, nilikuwa nacheka. Jioni nikamchezesha mwenyewe: onesha! Wiki nzima hivyo.

Jumamosi nikasimama kwenye waya. Kalaba alifika barieri, beseni kichwani, Claudine mkononi. Askari mmoja akachungulia samaki, akacheka. Akashika mkono wa mtoto, akaugeuza, akashika na wa pili. Mikono misafi. Nikapumua.

Halafu akaangalia mdomo wake? Meno? Sijui alitaka kuona nini kingine, kwa umbali ule sikusikia neno. Niliona tu Claudine anainua gauni mpaka kitovuni na kunyoosha kiganja.

Mama wee! Duniani kuna neno moja tu lililomfanya mwanangu afanye vile, "onesha", na nani alimfundisha kama si miye? Nikitaka kupiga kelele, kelele yangu ndiyo ingemmaliza. Nikajaza kitambaa mdomoni, nikauma.

Yule askari aliacha kucheka. Akachuchumaa, akaangalia lile paja. Akageuka kuwaangalia wenzake waliokuwa wanakula bukari, ugali wa kwetu, chini ya bati. Halafu akalishusha gauni kwa mkono wake mwenyewe, akasema na Kalaba maneno mengi, akawapungia wapite.

Nilikaa siku tano bila kujua kama aliwaachia kweli au aliwafuata mbele. Sikula. Alhamisi Kalaba akarudi.

"Mama Claudine, tulia. Mutoto iko kwa baba yake."

"Na ule askari alisema nini?"

"Aliniuliza: hii dawa ya Bahindi, inakinga kweli? Anasema iko na batoto bane, na ndui imeisha kuingia kwa jirani yake."

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni nichanjwe mimi. Mbele yangu alisimama mwanamke nisiyemjua, na watoto wanne. Zamu yake ilipofika, alimwambia Donat polepole, "Ku paja."

Foleni nzima ikamgeukia. Tulijua wote anayetaka paja ni yule anayerudi kupita barieri, na wa kwetu hakuna aliyekuwa anarudi na watoto wanne. Wanne, kama wa yule askari! Nilitaka kumtemea mate. Pengine mkono uliomshika Nkandu ndio unaomletea huyu unga nyumbani.

Mdogo wao alikuwa sawa na Claudine. Alipoona chuma cha kuchanjia cha Kilemba akaanza kupiga mateke, na mama yake mikono haikutosha. Nikamshika mguu mimi.

"Mama," nikamwambia yule mwanamke sikioni, "huyu munganga atafundisha batoto neno moja, 'onesha'. Benzake na bwana yako kule barieri banalijua pia. Ukifika kwenu, ubafundishe kulikataa."