Dakika Tatu za Mdogo Wake

Muuza duka alikuwa amefika sita katika kuhesabu, na Dairekta alikuwa bado amebana pumzi.

Ndivyo filamu zilivyopimwa katika ofisi ya msambazaji wa filamu. Hakuna aliyezitazama. Msambazaji aliweka karatasi ya kasha la diski mezani, akamwita mwenye duka mmoja kutoka chini, huyo akaiangalia mpaka amalize kuhesabu kumi, kisha akasema angechukua diski ngapi. Aliyetajiwa nyingi alipewa mkataba. Aliyetajiwa chache aliambiwa Mungu yupo.

"Huyu mama ni nani?"

"Ndiye mhusika mkuu," alisema Dairekta. "Anauza mkaa mtaani kwetu."

"Anaonekana." Muuza duka alirudisha karatasi. "Nipe tano. Nne zitarudi."

Masikio yalimchemka Dairekta. Filamu hii ilikuwa imemlia miaka mitatu na cherehani yake aliyoiuza, na hilo jina la Dairekta majirani walimpa nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka. Bodi ya ukaguzi nayo ilikuwa imeigonga muhuri bila hata kufungua bahasha. Muuza mkaa wa watu alikuwa amecheza saa nzima na nusu bila kudanganya hata mara moja, na mtu pekee aliyelijua hilo ni yeye.

"Mdogo wako si yupo?" msambazaji aliuliza huku akijikuna shingo. "Niwekee huyo Staa humo. Dakika tatu tu, na sura yake kwenye kasha. Saa kumi uwe hapa. Ila nikinunua nimenunua haki zote, mama, hata za vyombo vitakavyobuniwa kesho."

Dairekta alishuka ngazi na roho inamuuma. Yule mtoto alifundishwa kuigiza na yeye, jikoni kwao, akiwa bado anakosea kuvaa viatu. Yeye ndiye aliyemwonyesha kulia bila kukunja uso. Leo mabango yamejaa sura ya mdogo, na mkubwa anatumwa akaombe dakika tatu. Wivu ulimkaba kama wazimu, wala hakuona haya kuwa nao.

Staa alimfungulia geti mwenyewe.

"Shikamoo, dada! Umepotea hivyo?"

"Marahaba. Mimi nipo, wakubwa ndio hamuonekani."

Sebuleni palikuwa na makochi mapya ambayo bado yamevikwa nailoni. Dairekta alikuwa ameshaanza kuyachukia kabla hajakaa. Alipokaa, nailoni ikapiga kelele.

"Usiyajali makelele yake," Staa alicheka. "Sithubutu kuitoa nailoni. Makochi ni ya msambazaji, na nyumba pia. Ananiweka hapa ili wapiga picha wakija waone."

Hiyo dada mtu hakuimeza. Walioshiba ndio wanaojua kulia njaa, alijisemea moyoni. Akaeleza shida yake kwa maneno machache, akitumaini atakataliwa ili apate sababu ya kumchukia kwa raha zake.

"Twende," alisema Staa. Alikuwa ameshavaa kandambili.

Wema ule ulimkata maini kuliko ambavyo kiburi kingemkata. Njiani akaamua kumkomoa. Atampa onyesho ambalo hata yeye mwenyewe alishindwa kuliandika, amwone akibabaika mbele ya magunia, naye apate kupumua.

"Wewe ni binti yake," alimwambia walipofika kwa muuza mkaa. "Umerudi baada ya miaka mingi. Mama hakutambui. Hakuna maneno. Haya, cheza."

Akatoa kamera mkobani, akaiwasha.

Staa alisimama kidogo. Kisha akachuchumaa, akaanza kupanga mkaa kwenye makopo, vipande vikubwa chini, vidogo juu, kama mtu aliyelelewa na kazi hiyo. Muuza mkaa akamtazama mikono. Akaanza kumsaidia. Walijaza makopo manne hivyo, mama na mgeni, na la tano mama akaliacha likamwagika, akamshika binti usoni kwa vidole vyeusi.

Nyuma ya kamera Dairekta alikuwa analia. Lilikuwa onyesho bora kuliko yote aliyowahi kupiga, na alijua kuwa filamu yake sasa itakuwa ya Staa, si kwenye kasha tu bali mpaka ndani.

Staa alijifuta uso, akapigwa picha ya kasha, kisha akasema ana safari mjini, atampitisha ofisini. Dairekta aliingia chumbani kwake peke yake kuchapa kasha jipya na kunakili filamu. Alikaa mbele ya kompyuta, akaziangalia zile dakika tatu mara mbili. Mara ya pili mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Akazifuta, kwenye kompyuta na kwenye kamera.

Saa kumi muuza duka hakufika hata nne katika kuhesabu kwake.

"Mia mbili. La, ziwe mia tatu."

"Filamu nzuri sana hii," alisema msambazaji, akisukuma mkataba. Diski ilikuwa bado kwenye bahasha. Dairekta alitia sahihi kila ukurasa. Hakuna aliyemuuliza Staa anafanya nini humo, wala anatokea dakika ya ngapi.

Staa alikuwa akimsubiri garini, chini ya jengo. Alikuwa bado na alama ya vidole vya mkaa kwenye shavu.

"Dada, niambie ukweli," alisema kabla Dairekta hajafunga mlango. "Nilicheza vizuri? Filamu tisa sasa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia rudia. Wananipiga picha ya kasha, kwaheri. Leo nilikuwa nacheza kwa sababu wewe unatazama."

Dairekta alifunga mlango.

"Ulicheza vizuri," alisema. "Ulinishinda."

Mdogo wake alishika usukani kwa mikono miwili, akacheka kama mtoto.

"Basi nionyeshe usiku huu. Nataka nijione."