Kamba ya Vibanio Sita

"Chai tayari," Hilaria alisema, akaigeuza kadi ya kikombe ikatazama ukuta. Zilibaki tatu kwenye kamba: mswaki, begi, shule.

Mama yake, Rosalia, hakumhimiza. Miaka miwili nyuma asubuhi za nyumba ile zilikuwa vita. Nawa, vaa, beba begi, fanya haraka! Na mtoto alikuwa akisimama katikati ya chumba, soksi moja mkononi, analia. Hilaria alizaliwa na sindromu ya Down. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, atashika moja, mawili yatadondoka njiani.

Rosalia ni fundi cherehani hapo Bagara. Nguo za wateja huzitundika kwa zamu kwenye kamba, maana bila hivyo angeshamshonea mtu suruali ya jirani. Siku moja alimkuta Hilaria anazigusa moja moja, anasema, "Hii. Halafu hii." Ndipo Rosalia akakata boksi la sabuni, akachora kadi sita, akazining'iniza kwa vibanio vya nguo. Mswaki aliouchora unafanana na reki, lakini kazi unafanya.

Sasa, asubuhi hii, afisa wa elimu alikuwa anakuja shuleni. Mwalimu mmoja wa kitengo cha watoto wenye ulemavu alihamishwa, wa kuziba pengo hakuletwa, na dawa iliyopatikana ni kupunguza watoto. Afisa atawapima. Atakayeshindwa atarudi nyumbani.

Rosalia na Hilaria waliambiwa wafike saa mbili kamili. Saa nne watoto wengine wakaenda kunywa uji. Walioitwa kupimwa wakaambiwa wasitoke kwenye benchi. Hilaria akanyoosha kidole kule kwenye sufuria. "Uji, mama."

"Bado kidogo."

Hiyo bado kidogo ilifika saa tano na nusu. Afisa Sadock aliingia akifuta jasho, hakuomba radhi. Mwalimu Evelyne, aliyebaki peke yake na kitengo kizima, akamsogezea kiti.

"Hilaria," afisa alisema, macho kwenye fomu, "chukua daftari hilo, weka juu ya kabati, funga mlango, kisha urudi ukae."

Hilaria alichukua daftari. Alilikumbatia kifuani. Akautazama ukuta, akaitafuta kamba kwa macho toka kona hadi kona, halafu akamgeukia mama yake. Rosalia alitoa chaki yake ya kuchorea vitambaa na kipande cha boksi.

"Samahani afisa. Naomba nimchoree. Dakika mbili tu, yote atayafanya."

"Ukimchorea, Mama Hilaria, nitakuwa nampima nani?"

"Mwalimu ameshaona. Akichorewa, anapanga viti, anagawa vikombe, hakuna anayemsukuma."

"Ni kweli, afisa," Mwalimu Evelyne alisema kwa sauti ya chini.

"Mwongozo hauna mambo ya kuchora."

"Lakini na wewe hapo unasoma kwenye karatasi."

Mwalimu Evelyne alizitazama kucha zake. Afisa akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, akaandika huku akitamka, kama anayeandikia darasa: hafuati maelekezo. Kuanzia kesho mtoto akae nyumbani, wataitwa. Lini, hakusema. Akapapasa mfuko wa koti, kisha mkoba, kisha tena mfuko.

"Muhuri nimeusahau ofisini. Utakuja Jumanne kuchukua nakala yako."

Rosalia alitaka kucheka, kilichokuja ni machozi, akayameza. Mtu mzima kasahau kitu kimoja, anapewa hadi Jumanne. Mtoto kasahau vitu vitatu, ameondolewa shule.

Alishinda kwenye cherehani mchana wote, akashona mkono wa gauni nje ndani, akafumua, akashona tena. Jirani yake Brigita alimwambia avumilie, ndivyo maafisa walivyo. Rosalia amevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umemchoka.

Jioni, kama kawaida yao, walipanga kamba ya kesho. Hilaria alipenda kazi hiyo kuliko chakula. Mtoto alipokuwa jikoni anaosha mikono, Rosalia aliitwaa kadi ya shule, akaiingiza kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kabla ya hapo alikuwa amekaa na kipande cha boksi magotini karibu nusu saa, chaki mkononi, akijaribu kuchora kadi ya kusubiri kuitwa. Hakujua kunachorwaje.

Hilaria alirudi. Uso, sare, chai, mswaki, begi. Kibanio cha sita kikabaki kitupu. Akakigusa. Akaanza upya toka mwanzo, polepole, akafika palepale.

"Mama," alisema kwa upole, kama alivyokuwa akiambiwa yeye siku zote. "Umesahau shule."

Rosalia akafungua droo. Akapekua vifungo, akaitoa kadi, akampa.

"Kweli, mwanangu. Nilisahau. Itundike."

Akamtazama anaibana, ulimi nje kwa bidii. Kesho saa mbili kamili watakuwa mlangoni mwa kitengo, wao na kamba yao. Wakifukuzwa, watakuja na keshokutwa.